Kabati la Chuma katika Chumba cha Mama Mkwe

Wanjiru na Mbuyi,

Mliniomba ukurasa mmoja tu, wa kubandika ukutani juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania mezani: namna ya kuhifadhi shotgani ya kulinda nyumba ili iwe salama na bado iwe tayari. Nimejaribu mara tatu. Kila nikifika mstari wa nne naikumbuka nyumba moja ya hapo Woodbridge, na mstari wa tano unakataa kuandikika bila habari za nyumba hiyo. Kwa hiyo mtapata kurasa kadhaa, nanyi mtabandika ule mtakaoona unafaa. Muda ninao. Tangu niache kazi mwezi uliopita, asubuhi zangu ni chai, gazeti, na kumtazama mke wangu Rehema akijitayarisha kwenda kazini, jambo ambalo yeye analiona ni uchokozi.

Nilifika kwenye ile meza ya kazi nikiwa fundi cherehani. Morogoro nilitengeneza cherehani kwa miaka kumi na mmoja. Rehema alipopata kazi ya kupiga chapa ubalozini huku Marekani nikamfuata, tukapanga Riverdale Park, na nikapata kibarua cha kutengeneza mashine za kufyonza vumbi kwenye duka la mtu. Siku moja mzee wa Kimarekani alileta cherehani ya marehemu mkewe. Hakuiacha. Alisimama kunitazama tangu parafujo ya kwanza hadi ya mwisho, kofia mkononi kama yuko msibani. Nilipomaliza aliichukua bisibisi yangu, akaigeuza ncha kwenye mwanga, akauliza ni nani aliyeinoa hivi. Nikamwambia ni mimi, kwa sababu kila parafujo ina mfereji wake na bisibisi ya dukani haiujui. Akaniachia namba ya simu. Huyo ndiye Mzee Wendell, fundi wa bunduki, ambaye ninyi mmemkuta kwenye picha tu, pale juu ya kopo la brashi.

Siku ya kwanza kwake sikushika bunduki. Alinipa bisibisi ishirini na tupa moja, akaniambia nizinoe kila moja kwa parafujo yake, kisha akaenda zake. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na nadhani alitaka kujua kama nitalalamika. Siku ya nne aliweka shotgani mbele yangu, ile aina ya kawaida ambayo mpini wake wa mbele unavutwa nyuma na kusukumwa mbele ili risasi iingie.

"Ni tupu?" akauliza.

Nikaifungua, nikachungulia. "Ni tupu."

"Umejuaje?"

"Nimeangalia."

"Macho ya mtu anayetaka kwenda kula chakula cha mchana huona anachotaka. Weka kidole."

Nikaingiza kidole kidogo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, kisha kwenye mdomo wa bomba lililo chini yake, ambamo risasi nyingine hupangwa foleni. Vyote vilikuwa vitupu. Akaitikia kwa kichwa, akaniruhusu kuendelea. Kuanzia siku hiyo hadi siku niliyoondoka, sikuwahi kugusa bunduki mezani bila kidole hicho. Mbuyi, nimekuona ukiiruka hatua hiyo Ijumaa alasiri. Sikusema kitu wakati ule. Nasema sasa.

Mengine niliyajifunza kwenye maktaba ya umma. Nilikuwa naazima vitabu vya ufundi, nakaa navyo na kamusi, nachora kila kifaa kwenye daftari na kuandika jina lake kwa Kiswahili pembeni. Pale ambapo sikupata jina niliandika kazi ya kitu: "kinachozuia risasi ya pili isitoke". Madaftari hayo yako kwenye droo ya chini. Yameloa mafuta lakini yanasomeka.

Mtajua mapema kwamba adui wa kwanza wa shotgani ya nyumbani katika eneo letu ni unyevu. Kiangazi cha huku kinaweza kuotesha kutu kwenye chuma usiku mmoja. Wamarekani wengi huiweka kwenye mkoba wake wa sponji, wakaufunga zipu, wakadhani wameitendea wema. Sponji hunywa unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Watu wetu wana njia yao. Wanaiweka kwenye sanduku kubwa la safari chini ya kitanda, pamoja na pasipoti, vyeti vya shule na vitenge vipya, imefungwa nailoni tatu. Ndani ya nailoni inatoka jasho kama mchezaji. Bwana mmoja wa Sterling, asili yake Tanga, aliniletea yake ikiwa imepakwa mafuta ya nazi kuanzia mtutu hadi kitako. Ilinukia vizuri sana. Ilinichukua siku mbili kuikwangua, kwa kuwa mafuta ya jikoni yakikaa hugeuka gundi na kushika kila kinachotakiwa kuteleza. Waambieni: kitambaa chenye mafuta ya bunduki, kidogo tu, kila baada ya miezi miwili na kila baada ya kushikwa kwa mikono, kisha ikae mahali penye hewa kavu, bila mkoba. Ikisimamishwa, mafuta hutiririka hadi kwenye mbao za kitako na kuzilainisha, kwa hiyo mafuta yawe machache.

Na sheria. Mtu akikuuliza kuhusu sheria, muulize kwanza analala upande gani wa mto. Ndani ya mji mkuu wenyewe inatakiwa bunduki ya nyumbani iwe haina risasi na imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli. Virginia ni habari nyingine, Maryland nyingine tena. Msibahatishe. Mwambieni aulize polisi wa kwake au wakili. Sisi ni mafundi.

Sasa nyumba ya Woodbridge.

Mama Faith alikuja dukani siku ya baridi, akiwa bado amevaa sare za hospitali chini ya koti. Ni muuguzi, Mkenya wa Kisii, na wakati huo alifanya shifti ya usiku. Mumewe, Baba Faith, alikuwa anapakia vyakula vya ndege uwanjani Dulles. Mtoto wao Faith alikuwa na miaka minne na mchana alishinda kwa jirani anayelea watoto. Mambo haya aliyaeleza kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi zamu. Halafu akaeleza lililomleta. Wiki chache nyuma, akiwa amelala baada ya kazi, saa nne asubuhi, alisikia droo za jikoni zinafunguliwa. Alidhani ni mumewe. Aliita jina lake. Droo zikanyamaza, kisha mtu akaanza kupanda ngazi.

"Alifika wapi?" nikauliza.

"Mlango wa bafu. Nikapiga mayowe, akarudi chini akatoka. Polisi walikuja, wakaandika." Aliweka mikono juu ya kaunta. "Tangu siku hiyo silali, Mzee. Nafunga macho tu. Na usiku natakiwa nihesabu matone ya dawa ya watu."

Bunduki alikuwa ameshainunua, kihalali, na mumewe hakuipenda. Alichotaka kwangu ni namna ya kuiweka. Nilikuwa na desturi, niliyoirithi kwa Mzee Wendell, ya kwenda kuiona nyumba kabla ya kutoa ushauri, kwa hiyo nilikwenda. Ni zile nyumba za kuungana, ghorofa mbili, vyumba viwili juu: kikubwa chenye bafu lake cha mume na mke, kidogo cha Faith. Nilipima ukuta wa kabati la nguo katika chumba kikubwa, nikaleta kabati jembamba la chuma lenye ufunguo, nikalifunga ukutani kwa bolti nne ndefu zilizoingia hadi kwenye mbao za nyumba. Nilijivunia bolti zile.

Kisha nikampa utaratibu. Risasi nne kwenye bomba, chemba tupu, kitufe cha usalama kimefungwa. Hivyo hata mtu akivuta kifyatulio hakuna kinachotokea. Lazima kwanza mpini uvutwe na kusukumwa. Asubuhi akipanda kitandani, Faith yuko kwa jirani, anafungua kufuli. Akiamka, kabla hata ya kuosha uso, anafunga. Ufunguo unakaa shingoni, kwenye kamba ya kitambulisho cha hospitali. Nilimfanyisha mazoezi kwa risasi bandia: kufungua, kushika, kuvuta, kusukuma. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipunguza muda kila mara.

Ninyi wawili mna akili kuliko nilivyokuwa, huenda mmeshayaona makosa yangu. Mimi niliyaona baada ya miezi minane.

Simu ya dukani ililia katikati ya asubuhi. Mama Faith alizungumza polepole na vizuri, kwa sauti ile wauguzi wanayotumia kumwambia ndugu wa mgonjwa akae kwanza.

"Mzee, habari ya asubuhi. Uko na dakika?"

"Ninazo."

"Mamangu alifika jana kutoka Kenya. Tumempa chumba kikubwa. Mimi nimebadilisha shifti niwe nikirudi jioni nikae na yeye. Sasa hivi niko kwa wodi, nimeshika ufunguo hapa shingoni, na najaribu kukumbuka jana nilifunga saa ngapi. Sikufunga."

"Nani yuko nyumbani?"

"Baba Faith yuko off. Na Faith. Na mama."

"Basi mpigie Baba Faith aingie afunge mlango wa kabati, aweke kiti mbele yake, mimi nakuja."

"Nimempigia. Hawezi kuingia."

Nikauliza kwa nini, na papo hapo nikajiona mjinga. Nimekaa na Wakisii vya kutosha. Mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hapitishi hata kichwa. Na ndiyo sababu walimpa kile kikubwa: kina bafu lake, kwa hiyo wasingepishana mlangoni na taulo. Walikuwa wamefikiria kila kitu. Hata kitanda chao walikitoa wakakibana katika chumba cha Faith, wakamnunulia mama kitanda kipya, kwa sababu hawezi kulala juu ya kitanda cha binti yake na mumewe. Kila kitu cha ndoa kilihama katika chumba kile isipokuwa kabati la chuma, ambalo mimi nilikuwa nimelifunga kwa bolti nne ndefu.

"Na mama mwenyewe?" nikauliza. "Amwite kwenye simu, umweleze."

"Amemwita. Amesema kupitia mlango kwamba hawezi kutoka sasa. Amekataa chai mara mbili. Mzee, mamangu hajawahi kukataa chai."

Kutoka dukani hadi kwao ni dakika kumi. Sizikumbuki.

Baba Faith alikuwa juu kwenye ujia, hatua nne kutoka mlango wa chumba, ameshika sinia la chai iliyopoa. Ni mtu mrefu, mpole, na siku hiyo alionekana kama amesimamishwa na mwalimu. Faith alikuwa amekaa ngazini na mwanasesere.

"Umemwambia kwa nini unamwita?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimwambie nini, Fundi? Kwamba kwa kabati nimeweka bunduki? Amefika jana tu. Atasema binti yake ameolewa na mtu gani."

"Hujajaribu kuingia?"

"Hata nyumba ikiwaka moto nitamrushia maji nikiwa hapa."

Hakuwa anatania, au alikuwa anatania nusu. Nilimuuliza Faith nyanya yake anafanya nini. Anaelewa Kiswahili chote lakini alinijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, kwamba nyanya alimtoa nje na kufunga mlango, na kwamba haruhusiwi kurudi hata kwa biskuti. Nikamwomba Baba Faith ashuke naye, watoke, wakae kwenye nyasi upande wa mbele mpaka nitakapowaita. Akaweka sinia chini mbele ya mlango, akambeba mtoto, akaenda.

"Hodi, mama."

Sauti kavu ya mtu mzima ikajibu: "Ni nani?"

"Naitwa Fundi Salum. Nimetumwa na Mama Faith."

"Fundi wa nini?"

Ningeweza kusema wa mabomba, au wa umeme. "Wa kabati la chuma," nikasema.

Nikasikia sanduku zito linaburutwa sakafuni, na komeo likafunguliwa.

Alikuwa mama mfupi, amevaa sweta la safari na kitambaa kichwani. Aliufungua mlango, akanitazama usoni na mikononi, kisha akarudi kinyumenyume hadi kwenye kiti alichokuwa amekiegemeza kwenye milango ya kabati la nguo, akakaa. Alikuwa amekaa hapo muda mrefu. Mto ulikuwa mgongoni kwake na Biblia kwenye magoti.

"Tangu saa ngapi, mama?"

"Tangu mtoto amalize uji."

Zilikuwa zimepita karibu saa tatu.

"Nilifungua nitundike nguo ya kanisa," akasema. "Nikaona kamlango ka chuma. Nikajua ni pa kuweka viatu. Nikafungua, nikafunga. Mtoto alikuwa hapa nyuma yangu, ameshika sketi yangu. Nikamtoa. Nikasema, hiki kitu hakina mwenyewe hapa, na mimi nikitoka mtoto ataingia. Basi nikakaa."

"Mbona hukumwita Baba Faith?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la mlevi. "Nimwite aingie humu? Na nimwambie nini, kwamba nimefika jana, na leo nimepekua kabati lake?"

Nilitamani kucheka na nilitamani kukaa sakafuni. Watu wawili wenye adabu, kila mmoja upande wake wa mlango, wanamlinda mtoto mmoja dhidi ya kitu kimoja, na hakuna anayeweza kukitaja kwa mwenzake.

Nikamwomba asogee nyuma yangu. Alisogea, lakini hakutoka chumbani. Nikaitoa shotgani, nikaelekeza mtutu chini kwenye kona ya ukuta wa nje, ule unaotazama kilima kitupu, kwa sababu nyumba za kuungana zina majirani ukuta kwa ukuta. Kitufe cha usalama kilikuwa kimefungwa. Nikabonyeza kiachio, kitufe kinachoufungulia mpini, nikauvuta mpini nyuma taratibu, nikitegemea kuona chemba tupu kama nilivyofundisha.

Risasi nyekundu ikatoka, ikaanguka juu ya shuka jipya.

Kumbe siku chache kabla, Mama Faith aliamshwa na mtu mlangoni, akachukua bunduki, akavuta na kusukuma kama nilivyomfundisha, kwa kasi ileile aliyokuwa ameizoea. Alikuwa mgawa vipeperushi tu. Akafunga kitufe cha usalama, akairudisha, akalala akiamini imerudi kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimemfanyisha mazoezi ya kupanda, yaani kuingiza risasi kwenye chemba, mara thelathini, na ya kushuka, yaani kuitoa tena, hata mara moja sikumfanyisha.

Nilitoa na zile za kwenye bomba, nikazipanga kitandani. Kisha nikaweka kidole.

"Unatafuta nini na kidole?" mama akauliza nyuma yangu.

"Nahakikisha ni tupu."

"Si umeona?"

"Nimeona. Lakini nina hofu, na mtu mwenye hofu haoni vizuri."

Akavua pete yake, akaiweka juu ya Biblia, akasogea. "Nionyeshe."

Nikamshikia. Akaingiza kidole chake kidogo ndani ya chemba, kilichokunjamana, cha mkono uliochuma majani ya chai maisha yake yote, akakizungusha kwa makini.

"Ni baridi," akasema.

"Kuna kitu?"

"Hakuna." Halafu, kwa usahihi ambao Mzee Wendell angeupenda, akauliza, "Na hapa chini?" Akakagua na bomba.

Nilipoifungia kwenye mkoba wangu, alikwenda dirishani, akalifungua, akaita chini kwenye nyasi bila kutoa kichwa: "Baba Faith. Ni tupu. Hiyo chai ipashe moto, uiache hapo kwa mlango."

"Sawa, mama," ikajibu sauti kutoka chini.

Na aliinywa, vikombe viwili.

Mama Faith aliruhusiwa kutoka mapema. Alipoingia jikoni na viatu vyake vyeupe, mama yake alikuwa ameshashuka na Faith yuko mapajani mwake. Baba Faith alikuwa amesimama upande wa mbali wa meza, mahali panapostahili. Mama Faith alianza kuomba radhi, kwa mama, kwa mume, kwangu, kwa mpangilio wake uleule, lakini safari hii sauti haikufika mwisho wa orodha.

Mama yake akamkatiza, akamwita kwa jina lake la nyumbani. "Kemunto. Nani alikuja hapa?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameambiwa. Kwa simu zote za Jumapili, kwa kadi zile za dakika ishirini, binti alikuwa akisema kwao kuko sawa, baridi tu ndiyo nyingi. Sisi sote tunafanya hivyo. Rehema na mimi tuliwahi kumficha mama yake hadi ajali ya gari, tukamwambia tumebadilisha gari kwa kupenda.

Mama Faith akaeleza: droo, ngazi, mlango wa bafu. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza tena. Alipomaliza, akamshusha mtoto, akamwendea, akamshika mikono yote miwili.

"Miezi yote hii unalala na hiyo hofu peke yako," akasema. "Mchana, watu wakiwa kazini."

"Baba Faith anajua."

"Baba Faith yuko kwa ndege. Mimi ndiye mamako."

Nikaaga. Baba Faith akanisindikiza hadi garini, na pale akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza tangu bunduki iingie kwake: kama ningeweza kumfundisha na yeye.

Nilirudi wiki hiyohiyo, na tukaanza upya. Nilizitoa zile bolti nne. Nililipia sanduku refu la chuma lenye vitufe vya namba, lisilo na ufunguo wa kusahaulika, nikalifunga kwenye fremu ya kitanda chao, chini, upande anaolala Mama Faith. Kitanda kikihama, nalo linahama. Linakaa limefungwa saa zote, awe amelala au yuko macho. Vidole vikishazoea hulifungua gizani kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili, kwa hiyo hakuna tena habari ya kufungua asubuhi na kukumbuka kufunga. Risasi ziko kwenye bomba, chemba tupu. Tuliweka risasi bandia mezani, na kila aliyevuta na kusukuma alitakiwa kuishusha yote, hadi kidole, kabla ya kupewa mwenziwe. Baba Faith alifanya. Mama Faith alifanya hadi akachoka kunitazama. Mama mzazi aliketi pembeni akisema "kidole" kila mmoja wao alipotaka kuruka.

Basi huu ndio mstari wa tano. Mkienda kuiona nyumba ya mtu, msianze kwa kuuliza bunduki itakaa wapi. Ulizeni wageni wakija, nani analala wapi. Ulizeni nani haruhusiwi kuingia chumba gani. Mmarekani atawashangaa kidogo, kisha atakumbuka wajukuu wa likizo. Watu wetu hawatashangaa. Wataanza kuhesabu kwa vidole magodoro ya sebuleni, na hapo mtajua pa kuanzia. Na mgeni mtu mzima aambiwe siku ya kwanza, kama anavyoonyeshwa bafu. Adabu ya kunyamaza ndiyo nusura ituangushe.

Miezi hii ya mwisho mmeona foleni ilivyokuwa, watu wakinunua shotgani na maharage ya kopo kwa kuogopa kwamba mwaka mpya ukiingia kompyuta zitasahau tarehe. Wengi wamenunua hofu kwanza na bunduki baadaye. Wauzieni wote utaratibu uleule, kupanda na kushuka.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kuwaachia funguo ilikuwa ukaguzi nyumbani kwa Mama Faith. Nilijipangia hivyo. Amerudi shifti ya usiku. Nilimkuta asubuhi ametoka kazini, Faith ameshakwenda shule. Chemba safi, springi ya bomba ina nguvu, hakuna kutu. Nilikuwa nakunja kitambaa changu jikoni, simu ikalia. Akaipokea, akaanza Kikisii, akacheka, akaniashiria ni mama. Huko kwao Kenya, alikokuwa amesharudi, jioni ilikuwa inaingia. Nilisikia sauti ndogo ndani ya simu ikiuliza hili na lile. Kisha Mama Faith akasema, "Ngoja," akaniwekea simu mkononi, akapanda juu.

Nilimsalimia mama. Akanijibu, akauliza habari za Rehema. Dakika za kadi yake zilikuwa zinaisha, lakini hakukata.

Mama Faith aliposhuka aliichukua simu. "Nimeshika kwa kidole, mama," akasema. "Chemba ni tupu. Nimefunga."

Sauti ndogo ikasema kitu kimoja kifupi, akakata simu.

"Kila asubuhi?" nikauliza.

"Anapiga Jumatatu na Alhamisi. Siku zingine nashika tu, najua ataniuliza." Alikuwa anapiga miayo tayari. "Anasema, haya, sasa lala. Na mimi nalala, Mzee. Siku hizi nalala hadi saa nane."

Nikabeba mkoba wangu, nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu usigonge.